Mfuko wa Arobaini na Moja

Ijumaa nilifunga mifuko arobaini kando ya barabara karibu na Kebirigo. Jumapili nilipoirudia, nikakuta arobaini na mmoja. Nilihesabu mara tatu. Kisha nikamwomba mama mmoja aliyekuwa akinigombeza anyamaze kidogo, anihesabie na yeye. Akanyamaza, akahesabu, akapata arobaini na mmoja, akaendelea kunigombeza pale pale alipoachia.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi ya mbegu siku hizi, mkiwa na majokofu na mashine za kuhesabia punje, mtasema mzee alikosea hesabu. Sikukosea. Mfuko wenyewe ninao hapa mezani ninapoandika. Lakini ili mwelewe jinsi kipande cha kitambaa kilivyokaribia kuninyima kazi, lazima nirudi nyuma kidogo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Kituo chetu kilikuwa nje ya mji wa Kisii: vyumba viwili vya mabati, vitalu kadhaa vya kujaribia mimea, na ng'ombe watatu ambao kazi yao ilikuwa kula na kutoa maoni. Tulitakiwa kujua ni mimea gani ya porini, ya jamii ya kunde, inayoweza kulisha mifugo na kurudishia udongo nguvu. Si kunde za bustanini. Tulitaka ile inayochanua kando ya barabara bila kupandwa na mtu, na ile ya kule chini ya Suneka ambako ardhi inaanza kukauka na vichaka vinaota miiba. Mimi nilikuwa mkusanyaji wa mbegu, wa majaribio, miezi mitatu.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Mutua, mtu wa Ukambani, aliyeongea polepole kama anayepima dawa kwenye kijiko. Siku ya kwanza aliniambia: "Barua yako ya kazi ya kudumu nimeshaiandika. Iko kwenye droo. Ukileta mbegu nzuri nitaitoa. Usipoleta, mke wangu atawashia jiko."

Nilikuwa na cheti cha darasa la saba, mama mjane, na ndugu wanne wadogo waliokuwa wakiisubiri barua hiyo kuliko mimi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ombati wa Ikonge. Alikuwa mfupi, mkavu, na alitumia mkono wa kushoto kwa panga, kwa kalamu na kwa kikombe. Walimu wa misheni walimchapa utotoni ili abadilike, wakachoka kabla yake. Hakusoma sana, lakini aliyajua majani kama wengine wanavyowajua wakwe zao: kwa uangalifu na kwa mbali.

"Usiangalie jani," aliniambia. "Jani litakudanganya. Angalia ua."

Na kweli. Ua la jamii hii lina petali tano. Moja kubwa imesimama nyuma kama mgongo wa kiti. Mbili za pembeni ni mabawa. Mbili za chini zimeshikana kama mashua ndogo, na humo ndani ndimo siri za uzazi zinamofichwa. Liwe la manjano, la zambarau au jeupe, liwe kubwa kama kidole gumba au dogo kama chawa, ukiona mpango huo umefika. Kisha subiri ganda. Likifanana na ganda la njegere au la maharagwe, andika kwenye daftari.

Kukusanya ndiko kulikokuwa na mambo. Mitoo ya porini, yenye maua ya manjano na mishipa myekundu, Ombati aliikusanya kwa masikio. Ganda lake huvimba, na likikauka mbegu hulegea ndani zikalia kama njuga. Alikuwa akipita anatikisa vijiti vyake, ameinamisha kichwa. "Huyu bado. Huyu bado. Huyu anaongea," na hapo ndipo mkasi ulipofanya kazi. Desmodiamu ya porini, yenye vipande vinavyonata nguoni, hatukuichuma kabisa. Tulijifunga blanketi kuukuu kiunoni, tukapita katikati ya vichaka, tukaenda kukaa kivulini kuchambua blanketi. Siku moja Bwana Mutua alikuja kutukagua akatukuta tumeketi kwenye nyasi na blanketi mapajani kama wagonjwa waliotoka wodini kuota jua. Akauliza kama tumeanza kazi. Ombati akamwambia, "Tumemaliza, Bwana. Sasa tunavua."

Lakini kuna mimea mingine ambayo haingoji sikio wala blanketi. Ganda likikauka, jua la saa sita likilikaza, hujipinda ghafla, likapasuka, na mbegu huruka hatua tatu au nne. Ukija saa saba unakuta maganda yaliyojikunja na wewe mwenyewe. Hiyo dawa yake ni mfuko. Unashona kijifuko cha kitambaa cha marekani ukubwa wa kiganja, unakivalisha tawi maganda yakiwa yamekomaa lakini hayajakauka, unakifunga kwa kamba ya katani, unarudi baada ya siku mbili tatu. Nje ya mfuko unaandika namba kwa penseli ya zambarau, ile ambayo ukiilowesha kwa mate haifutiki. Kwenye daftari unaandika namba hiyo, mmea, na mahali.

Fundo nalo lilikuwa la Ombati mwenyewe. Mkono mmoja umeshika tawi, kwa hiyo fundo lazima lifungwe kwa mkono uliobaki, na lifunguke kwa kuvuta ncha moja tu. Kwa kuwa yeye alifunga kwa kushoto na mimi kwa kulia, langu lilitoka limegeuka, kama sura kwenye kioo. Alilitazama akasema, "Fundo lako linatazama upande mwingine. Si kitu, mradi linashika."

Basi, Ijumaa ile ya Kebirigo nilikuwa peke yangu. Ombati alikuwa na kazi Ikonge, tena alitaka kuona kama naweza. Majaribio yangu yalikuwa yamebaki wiki mbili, na mbegu nilizokuwa nimeleta mpaka siku hiyo hata mimi nisingejiajiri kwazo. Nilipata kipande kizuri cha barabara, maua pande zote mbili, maganda yamekomaa. Nilifunga mifuko yangu arobaini, ishirini huku na ishirini kule, myeupe pe, nikajisifu moyoni, nikakimbilia nyumbani kabla jua halijazama. Mimi ni Msabato. Ombati pia. Tangu machweo ya Ijumaa mpaka machweo ya Jumamosi hatushiki kazi, na nilijua kuwa mbegu haziijui Sabato, ndiyo maana nikazifunga.

Nililosahau ni hili: siku hizo wapima ardhi walikuwa wakipita kila kijiji. Ardhi ilikuwa ikigawanywa na kuandikishwa, watu walikuwa wakipanda ua wa mpaka usiku na kugombana asubuhi, na hakuna mtoto asiyejua kuwa kitambaa cheupe kilichofungwa na mtu wa serikali, tena chenye namba, maana yake ni shamba kuondoka. Na mimi nilikuwa nimefunga arobaini, kwa mstari, kando ya barabara.

Sasa sikilizeni jambo lingine ambalo sikulijua. Upande wa juu wa barabara walikaa Wakatoliki. Upande wa chini, Wasabato.

Jumamosi asubuhi, watu wa upande wa chini wote wakiwa kanisani, watu wa juu walikaa kikao kifupi wakaamua kwamba barabara inapanuliwa, na kwamba kama lazima ipanuliwe, ipanukie chini. Wakakata vijiti vyote ishirini vya kwao pamoja na mifuko yake, wakavivusha, wakavifunga kwenye ua wa majirani. Jioni watu wa chini waliporudi wakakuta mifuko arobaini kwao. Walingoja. Jumapili asubuhi, misa ikiwa katikati, walifungua mafundo ya ile ishirini ya kwao, wakakata maganda na kuyarudisha mifukoni, wakaivusha yote arobaini kwenda juu.

Nami nikafika saa saba mchana, nikiwa na baiskeli na tabasamu.

Katikati ya barabara walisimama Mzee Onchari, amevaa kofia yake ya misa, na Mama Kerubo wa upande wa chini, jembe kwenye mkono wa kushoto. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na ukoo mzima.

"Jumamosi hii mifuko ilikuwa kwenu!" Onchari alikuwa akisema. "Nani ameivusha?"

"Na ilifikaje kwetu, Omogaka, mzee mzima? Ilitembea? Sisi tukiwa tunasali!"

"Mnasalije siku ya kazi?"

"Ndiyo maana mkaona ni nafasi!"

"Ipite kwako. Wewe una nini huko zaidi ya migomba iliyolala?"

"Migomba yangu imelala kwa sababu ina mzigo. Yako imesimama kama askari, haina kitu!"

Nilishuka kwenye baiskeli. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba mifuko ni yangu. Kelele zikakatika, na macho yote yakanigeukia, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu uhuru pande hizo mbili kukubaliana.

"Barabara inapita kwa nani?" Onchari akauliza.

"Hakuna barabara, Tata. Ni ya mbegu."

"Mbegu gani?"

Nikaonyesha maua yaliyobaki. Mzee aliyatazama, akanitazama, akayatazama tena. "Haya? Haya mbuzi wangu anakula bure!"

Mama Kerubo hakucheka. Alinijia mpaka pua yake ikakaribia yangu. "Kijana, unataka kuniambia serikali imeyavika majani nguo, na mtoto wangu anaenda shule matako nje?"

Huyo ndiye niliyemwomba anihesabie.

Mtaniuliza kwa nini hawakuitupa tu mtoni. Hamkuishi siku hizo. Mali ya serikali haikutupwa. Ilihamishwa. Kwa hiyo mifuko yote arobaini ilikuwepo, imefungwa kwenye ua wa Mzee Onchari kwa mafundo ya kila namna, mengine ya kufungia kuni, na ndani yake maganda yaliyokatwa mabichi, mbegu zimenyauka kama pua ya bibi kizee. Wiki mbili zimebaki, na mbegu hakuna.

Ila mfuko mmoja. Ulikuwa mwishoni mwa ua, umetulia peke yake. Marekani yake ilikuwa ya zamani, laini kwa kufuliwa. Mshono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Hauna namba. Nilivuta ncha ya kamba, fundo likazidi kukaza. Nikavuta tena, likakaza zaidi. Nikatoa wembe nikapasua mfuko kwa chini, na kiganjani mwangu zikamwagika mbegu kavu, nzito, zinang'aa, rangi ya kahawa yenye madoa. Sikuwa nimewahi kuziona.

Nilipomwonyesha Ombati Jumatatu, alizigeuza kwa kidole muda mrefu. "Aliyezikusanya hizi," akasema, "anajua kazi kuliko wewe."

Na mimi nikafanya kosa la maisha yangu. Nikachukua karatasi ya kumbukumbu, nikaandika: namba arobaini na moja, Kebirigo, kando ya barabara. Mkusanyaji: jina langu.

Mbegu ziliota zote. Mmea ulitambaa, ukashika ardhi, ukachanua maua ya manjano yenye mgongo mwekundu. Wiki kadhaa za ukame zilipokuja, vitalu vingine vikawa rangi ya chai. Hicho kikabaki kijani. Ng'ombe wakafunguliwa kutoa maoni. Walipita vitalu vyote bila kuinama, wakaenda moja kwa moja kwa namba arobaini na moja. Bwana Mutua, ambaye sikuwahi kumwona akitembea haraka, alikimbia kuwaondoa.

Alikuwa ameniongezea muda wa majaribio ili mmea uonekane. Sasa akafungua droo, akaitoa barua, akaiweka mezani katikati yetu. "Rudi pale pale ulipozitoa," akasema. "Niletee nusu debe. Ukirudi, utaikuta barua hapa."

Vijana, nilitafuta. Nilipita barabara ya Kebirigo pande zote mbili kwa magoti. Nilipanda Ikonge, nikakagua kingo za mashamba ya chai. Niliteremka chini ya Suneka kwenye vichaka vikavu, na huko, kwa haraka zangu, nikakumbatia ganda lenye manyoya mazuri ya rangi ya dhahabu ambalo kila mtu mwenye akili huliita upupu. Nalo ni la jamii ya kunde, ua lake la zambarau ni zuri sana, nawashauri mlitazame kutoka ng'ambo ya barabara. Nilivua shati hadharani siku ya soko. Mama mmoja muuza ndizi alinipaka majivu mgongoni huku akiwaambia wateja wake, "Msiogope, ni mtu wa serikali, anafanya utafiti." Shikeni hilo: majivu makavu, si maji. Maji huchochea muwasho.

Habari zikasambaa kwamba serikali inamtafuta aliyefunga mfuko fulani, tena kwa wema. Mzee Onchari, aliyekuwa ameapa kwa watakatifu watatu kwamba hakugusa hata kamba, akaja kituoni na baiskeli ya kuazima kusema kwamba ni yeye.

"Mmea wenyewe uko wapi, Tata?" nikamuuliza.

Akafungua gazeti. Ilikuwa mitoo ya kawaida, ya mboga, kutoka bustani ya mkewe.

"Hii tunaila."

"Si ndiyo maana ni nzuri?" akasema, bila aibu hata kidogo, akaomba chai.

Baada ya wiki mbili niliingia ofisini mwa Bwana Mutua mikono mitupu. Barua ilikuwa pale mezani. Nilisimama upande wa mlango, nikamweleza yote: Sabato, misa, ua wa Onchari, mfuko usio na namba.

"Kwa hiyo hii mbegu," akasema, "ilijikusanya yenyewe."

"Hapana, Bwana. Kuna mtu. Simjui."

"Na karatasi inasema ni wewe."

"Ndiyo, Bwana."

Akaniambia nilete karatasi. Akanipa kalamu yake mwenyewe. Nikakata jina langu, nikaandika: hajulikani. Nikakata Kebirigo, nikaandika: hapajulikani. Kisha akavuta barua yangu, akakata tarehe, akaandika nyingine miezi mitatu mbele, akairudisha kwenye droo. Miezi mitatu hiyo nilikusanya mbegu kama mtu anayeokota macho yake yaliyoanguka. Nilipata barua, na nilikaa kazini mpaka nywele zikawa kama mifuko yangu.

Namba arobaini na moja haikutuachia mbegu. Mvua za Kisii zilikuja mapema, maganda yakaoza kabla ya kukomaa, na yaliyobakia ng'ombe waliyafikia. Kinachojulikana kuwepo ni tawi moja lililokaushwa kati ya magazeti, tukalipeleka Nairobi, na karatasi yangu yenye mikato miwili imebandikwa kando.

Naweza kuishia hapo, lakini kuna jambo nililoliona nimechelewa sana. Siku ya kustaafu nilikuwa nikitoa vitu vyangu mezani, nikaushika ule mfuko. Chini umepasuliwa kwa wembe, juu fundo halijawahi kufunguliwa. Mara hii, bila kufikiri, nilikuwa nimeushika kwa mkono mwingine. Na nikaona. Lilikuwa fundo letu. Lile la ncha moja. Nilipolivuta zamani lilikaza kwa sababu nilivuta ncha yangu, ya kulia. Fundo hilo linatazama kushoto.

Mzee Ombati tulikuwa tumeshamzika. Nikapanda gari mpaka Kebirigo kwa Mama Kerubo, ambaye sasa alikuwa omong'ina, kikongwe wa fimbo, lakini ulimi ule ule. Alinimiminia chai. Kwa mkono wa kushoto. Nikamkumbusha kwamba Jumapili ile watu wake ndio waliofungua mafundo yangu ishirini, na mtu mwenye akili akifungua mafundo ishirini anaweza kufunga moja. Nikamuuliza kama ni yeye.

Alicheka mpaka akakohoa. "Na kama ni mimi, nikuambie ili nini? Ili mje mfunge mingine arobaini?"

Alipokufa, mwaka uliofuata, nilizunguka boma lake lote kabla ya mazishi nikitazama ua. Nilikuta desmodiamu. Nilikuta mitoo. Ua la manjano lenye mgongo mwekundu sikuliona, lakini ilikuwa miezi ya ukame, na huenda halikuwa limechanua.

Na Ombati? Jumamosi ile nilikaa nyuma yake kanisani kutoka asubuhi hadi jioni, kwa hiyo ya Jumamosi naweza kuapa. Jumapili asubuhi, wakati mifuko ikivushwa mara ya pili, aliniambia alikuwa nyumbani Ikonge akirekebisha paa. Nimemuuliza mkewe. Anasema paa lao halijawahi kuvuja.